Spana ya Mkono Mrefu

Jumamosi, 14 Septemba
Boksi la spana limefika kwa basi kutoka Dar. Nimelifungulia mezani baada ya chakula. Spana kumi na mbili zinazong'aa, ufunguo wa kunyooshea spoku, kifaa cha kukatia cheni, vijiti vitatu vya kutolea tairi. Kila kimoja kina nafasi yake. Nimevitoa, nikavirudisha, nikavitoa tena.

Huu ni mwaka wangu wa pili Nyangamara. Mganga mfawidhi yuko masomoni tangu Juni, kwa hiyo zahanati nimebaki nayo mimi Salome, nesi pekee, pamoja na mhudumu mmoja. Nje ya kazi nina baiskeli. Tupo sita tunaoendesha pamoja kila Jumamosi asubuhi, na mwanamke ni mimi peke yangu. Kiongozi ni mwalimu Augustine, kwa sababu ndiye aliyefungua kundi la WhatsApp. Kila siku anatuma shauri. La leo: kwenye jua kali usijaze upepo mpaka mwisho, na cheni usiioshe kwa sabuni ya unga. Jana: ukisikia mlio usioujua, shuka. Hakuna aliyemuuliza.

Jumanne, 17 Septemba
Pedali ya kushoto ilikuwa inacheza. Nimeipeleka kwa Mzee Stefano, fundi pekee wa hapa, mwenye banda la makuti mkabala na mashine ya kusaga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili mbele yake, mchana mweupe. Nikamtazama macho. Mboni ya kushoto imekuwa nyeupe yote, ya kulia imeanza. Mtoto wa jicho. Nikamwambia aje zahanati nimwandikie rufaa ya Lindi.

"Baada ya msimu," akasema. "Korosho ndizo zinazoua baiskeli. Nikiondoka sasa watabebea kichwani."

Kazi yake anaifanya kwa vidole. Anapapasa nati, anapapasa spana, anazikutanisha. Spana yake kubwa ameikata mkono, imebaki fupi kama kijiko. Nikaona ni umaskini wa vifaa.

Jumatano, 25 Septemba
Kiraka alichonibandikia Mzee Stefano jana kimekaa pembeni ya tundu. Nimekibandua na kubandika changu. Dakika kumi na mbili.

Jumamosi, 28 Septemba
Tumeendesha hadi njia panda na kurudi. Bakary ametutangulia wote mlimani kama kawaida, na ile baiskeli yake nzito ya mizigo, yenye keria ya nondo. Ni mkulima wa korosho. Ndiye pekee katika sisi ambaye baiskeli kwake ni kazi kwanza, starehe baadaye.

Jioni nimeandika kwenye kundi: "Mzee Stefano haoni vizuri. Tuwe waangalifu na kazi zake. Mwenye tatizo dogo alete kwangu, vifaa ninavyo." Vidole gumba vitano. Mtu akauliza haoni kiasi gani. Nikajibu: jicho moja limekwisha, la pili liko njiani.

Jumatatu, 30 Septemba
Wagonjwa thelathini na mmoja. Malaria tisa.

Jumamosi, 5 Oktoba
Watu saba wamekuja uani kwangu, watatu hata si wa kundi letu. Mmoja alisema, "Kwa yule kipofu siendi tena." Nikamrekebisha, nikasema si kipofu, ana uoni hafifu. Nimenyoosha rimu mbili na kukata cheni moja.

Jumanne, 8 Oktoba
Joto. Mabibo, matunda ya mikorosho, yameanza kuanguka kwa wingi, harufu yake inaingia hadi chumba cha sindano.

Jumamosi, 12 Oktoba
Bakary ameleta baiskeli, pancha ya mbele. Alikuwa na haraka, Adija mkewe anamsubiri shambani na mtoto mgongoni. Nimetoa gurudumu, nimeziba, nimerudisha. Kwa sababu ya mizigo anayobeba nimekaza nati kwa nguvu, kwa ile spana ndefu. Ya kulia ilikazika, ikakazika, halafu ikalainika kidogo. Nikaona imefika.

Jumatano, 16 Oktoba
Naandika kwa mpangilio.

Saa nne kasoro asubuhi bodaboda ilimleta Bakary, amekaa katikati, kijana mmoja amemshika kwa nyuma. Damu usoni, meno mawili ya mbele hayapo, mkono wa kushoto ameukumbatia. Mtulinga wa bega umevunjika, mfupa unaonekana umeinuka chini ya ngozi, haujatoboa. Alikuwa ameshuka mteremko wa kwenda ghala la chama cha ushirika na magunia mawili. Anasema gurudumu la mbele lilichomoka likaenda zake, yeye akabaki na uma wa baiskeli mkononi. "Nililiona linaniacha," alisema. Alisema hivyo mara tatu.

Nilimsafisha, nikamshona paji la uso nyuzi sita, nikamfunga mkono kifuani, nikaandika rufaa ya kupiga picha. Mikono ilifanya kazi kwa mazoea yake.

Adija aliingia mbio, mtoto wao Nurdin mgongoni, vidole vimejaa utomvu wa mabibo. Hakulia. Alimtazama mumewe kutoka kichwani hadi miguuni, halafu akanigeukia.

"Ni Stefano," akasema. "Juzi Jumatatu baiskeli ilikuwa kwake, breki ya mbele. Mtu haoni, anafungua nati za watu na kuzifunga! Si wewe mwenyewe ulisema, dada nesi? Kijiji kizima kinajua ulisema."

Bakary akatikisa kichwa chini juu, polepole, kwa sababu ya maumivu.

Nilikuwa nimeshika bandeji. Nilisema, "Mshikie mkono hapa, usiuachie."

Ndicho nilichosema. Sijui kama ilikuwa nati yangu. Jumatatu ile huenda Mzee Stefano alilitoa gurudumu ili afikie breki. Inawezekana. Mtu asiyeona anaweza kusahau kukaza. Nimeyaandika haya na kuyasoma tena, na kila nikiyasoma nakumbuka ule ulaini.

Alhamisi, 17 Oktoba
Bakary amerudi na picha. Wiki sita bila kubeba kitu. Korosho zake nusu bado ziko chini ya miti.

Jumamosi, 19 Oktoba
Hatukuendesha. Augustine anaeleza kwamba Adija aliisukuma baiskeli iliyovunjika hadi bandani kwa Mzee Stefano, akaiangusha miguuni pake mbele ya watu wa mashine, akasema, "Tazama, kama unaona." Mzee aliinama, akapapasa. Kisha akasema, "Pole sana, mama Nurdin. Iache hapa niitengeneze." Hakujitetea hata kidogo.

Mtu asiye na kosa hujitetea, nilijiambia. Nikalala vizuri kiasi.

Jumatatu, 21 Oktoba
Nimekwenda bandani saa sita, kwa kisingizio cha rufaa ya macho. Hakukuwa na mteja. Wakati wa msimu, mchana, hakuna baiskeli hata moja isipokuwa ile ya Bakary.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni nesi." Safari hii alinijua kwa sauti. "Lete mkono."

Akaniwekea ekseli ya gurudumu la mbele kiganjani, na nati juu yake. "Ipapase. Usitazame, papasa."

Upande wa kushoto meno ya uzi wake yalikuwa mazima, yanakwaruza kidole. Wa kulia ulikuwa laini kama msumari.

"Hii haikulegea," akasema. "Imekazwa mpaka ikala meno yake. Ikabaki imekaa pale kwa heshima tu, ikingoja mzigo. Mkono mrefu ndio unaofanya hivi. Unavuta, husikii nati inakwambia basi. Nami niliharibu ekseli ya padri hivyohivyo, nikiwa kijana. Ndiyo maana yangu niliikata."

Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma ng'ambo ya barabara.

"Jumatatu nilibadilisha mipira ya breki tu," akaongeza. "Gurudumu sikuligusa. Bakary aliniambia ulilitoa wewe Jumamosi."

"Mbona hukumwambia Adija?"

"Nimwambie nini? Kwamba aliyemfunga mumewe mkono ndiye aliyemvunja? Keshokutwa bandeji ile inabadilishwa wapi? Na mtoto anachomwa sindano wapi? Fundi wakimkosa hapa wanatembea. Nesi wakimkosa..." Akaifuta ekseli kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi. "Mimi ni mzee. Lawama nimeshazoea kuzibeba."

Sikumwomba radhi. Nilimwandikia rufaa, nikaiacha juu ya boksi lake la viraka, nikaondoka.

Jumatano, 23 Oktoba
Nimebadilisha bandeji ya Bakary. Sikusema.

Jumamosi, 26 Oktoba
Nimetoa nyuzi. Kidonda kimefunga vizuri. Adija alinishukuru, akaniletea bakuli la karanga. Sikusema. Karanga nimempa mhudumu.

Jumatatu, 28 Oktoba
Hoja ya Mzee Stefano ni nzuri. Mgonjwa asipomwamini nesi wake anaumia mgonjwa. Nimeizungusha siku nzima nikashindwa kuipata kasoro, isipokuwa moja: inanifaa mno mimi.

Jumatano, 30 Oktoba
Bandeji. Sikusema. Mawingu mazito upande wa mashariki, hayakunyesha.

Ijumaa, 1 Novemba
Bakary ameniambia wanaokota korosho usiku na mchana, yeye kwa mkono mmoja, Adija kwa miwili, na bado ziko nyingi chini. Mvua ikizikuta hapo zitaoza au zitashuka daraja. Na zilizookotwa hazina wa kuzipeleka ghalani. Ndugu zake wana mashamba yao.

"Mzee Stefano ameirudisha baiskeli," alisema. "Ekseli mpya, uma ameunyoosha. Hakutaka kitu. Adija amekataa kuipokea, imeegeshwa njiani."

Jumatatu, 4 Novemba
Banda limefungwa. Mke wa mwenye mashine anasema Mzee anasubiri bintiye Valeria aje kumchukua kutoka Lindi, akakae huko moja kwa moja. "Hapa watu wamemchoka," alisema. Nilimuuliza nani amemchoka. Akanitazama kama sijui ninachouliza.

Alhamisi, 7 Novemba
Augustine ameandika kwenye kundi kwa urefu. Anapendekeza nesi Salome atangazwe kuwa fundi rasmi wa klabu, "kwa weledi wake na vifaa vyake vya kisasa." Vidole gumba vinne. Bakary naye ameweka chake, na kwa sasa ana mkono mmoja tu wa kukiwekea.

Nilizima simu. Nilikaa kitandani nikitazama boksi la spana. Nilikuwa nimelinunua kwa sababu nilitaka jambo moja maishani ambalo likiharibika mikononi mwangu hafi mtu.

Jumamosi, 9 Novemba
Saa mbili asubuhi nilikwenda kwa Bakary. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono kifuani. Adija alikuwa anatenganisha korosho na mabibo, kisu kifupi mkononi. Nurdin kwenye mkeka.

Adija alisimama kunitafutia kiti. Nikamwomba akae.

"Gurudumu lilikuwa kosa langu," nikasema. "Jumamosi ile nilikaza nati kupita kiasi, meno yakaisha. Mzee Stefano hakuligusa. Nilijua tangu siku niliyokufunga. Yaani nilishuku siku ile, na siku tano baadaye nilijua."

Bakary alifungua kinywa, pengo likaonekana. "Wewe?"

"Mimi."

"Na ulikuwa unanibadilisha bandeji."

"Ndiyo."

"Unaniuliza kama nimelala vizuri!"

"Ndiyo."

Adija aliendelea kukata, bibo huku, korosho huku. Halafu akaweka kisu chini, akamwinua Nurdin kwenye mkeka, akaingia naye ndani. Nilisikia kitasa.

"Stefano anajua?" Bakary akauliza.

"Yeye ndiye aliyenionyesha."

Akatazama njiani, ilipoegeshwa ile baiskeli. Ilikuwa imekaa pale siku nane, kuku wamelala juu ya siti. Aliinuka kwa taabu, akaenda, akaishika usukani kwa mkono wake mzima, akaileta uani. Alipita mbele yangu bila kunitazama. Nikaondoka.

Nyumbani nikaandika kwenye kundi, maneno yaleyale, na juu yake kwamba sikuwa na haki ya kutangaza macho ya mtu niliyempima. Wote wamesoma. Hakuna aliyejibu. Kwa bosi wangu wilayani nimeandika barua kuhusu hilo la macho.

Jumatatu, 11 Novemba
Wagonjwa kumi na wanne. Jumatatu ya kawaida ni thelathini. Bakary hakuja. Bandeji yake ilikuwa leo.

Jumanne, 12 Novemba
Baada ya kazi nimekwenda kwa Mzee Stefano. Nimemwomba radhi. Alisema, "Umeniharibia sadaka yangu," akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka, akasema kwamba walipoacha kuja bandani alikuwa anakaa pale tangu asubuhi akisikiliza baiskeli zinavyopita, na kila moja alijua imeharibika wapi. Hilo ndilo lililomuuma. Lile la Adija hapana.

Jumatano, 13 Novemba
Saa kumi jioni nimekwenda kwa Bakary na baiskeli yangu na kamba. Nimesema nimekuja kupeleka magunia ghalani. Bakary alinyoosha kidole kwenye rundo. Adija alifunga kamba mwenyewe, akaivuta, akaivuta tena, kisha akarudi kwenye kazi yake. Gunia moja. Keria yangu haiwezi mawili. Mteremko nimeushuka kwa miguu, nikiizuia.

Alhamisi, 14 Novemba
Gunia moja.

Ijumaa, 15 Novemba
Gunia moja. Nimeanguka mchangani, halikuchanika.

Jumamosi, 16 Novemba
Nilipofika asubuhi, Augustine alikuwa ameshafika, suruali ameikunja na kuifunga mpira, baiskeli imefungwa gunia. Tumekwenda safari nne. Njia nzima hakutoa shauri hata moja. Kwenye mchanga aliteremka, akaja kusukuma ya kwangu kwa nyuma, akarudi kuchukua yake. Nimekuwa nikimdharau mtu huyu tangu nimfahamu. Ameniambia neno moja tu, tukinywa maji: "Ningekuwa mimi, nadhani nisingesema."

Jumanne, 19 Novemba
Barua ya onyo imetoka wilayani. Nimeisaini na kuibandika ndani ya daftari la zahanati.

Siku ya kliniki ya watoto. Adija hakuja. Mhudumu anasema amemchukua Nurdin kwa miguu hadi zahanati ya kijiji kingine, saa mbili na nusu kwenda.

Ijumaa, 22 Novemba
Mvua, ya kwanza. Ilianza saa tisa. Nilifunga zahanati saa kumi juu ya alama, nikakimbilia shambani kwao, nikakuta wote wawili wanaokota, Bakary amepiga magoti, mkono wa kushoto nje ya bandeji. Nikamwambia aurudishe. Akaurudisha. Tumeokota mpaka magharibi. Maji yalikuwa yanateremka mgongoni.

Nikiwa nafunga gunia, Adija alisema, bila kugeuka, "Hizo zimelowa. Usizichanganye na za juu."

"Sawa."

Ni maneno ya kwanza tangu tarehe tisa.

Jumatatu, 25 Novemba
Nimempeleka Mzee Stefano Lindi kwa basi. Valeria alitupokea stendi. Jicho la kushoto wanalifanyia upasuaji kesho. Alikuwa anaogopa, na alikuwa anaficha kwa kunieleza makosa ya gia za basi.

Jumamosi, 30 Novemba
Gunia la mwisho la Bakary limeingia ghalani. Magunia mengi ni daraja la kwanza, manne yameshuka. Bakary alikuwepo, mkono umefunguliwa juzi kwenye hiyo zahanati nyingine. Umeunga, umeacha nundu. Tulisimama foleni moja. "Jumamosi ijayo mnaendesha?" aliuliza. Nikasema sijui. Akasema kwake bado, lakini sisi tuendeshe.

Alhamisi, 5 Desemba
Mzee Stefano amerudi, habari ya kuhamia Lindi ameiacha; kitambaa jichoni kimetolewa, ana miwani myeusi. Alinitazama muda mrefu.

"Kumbe ni mtu mzima," akasema. "Kwa sauti nilidhani kasichana."

Anataka apite kila nyumba akague baiskeli zote alizozigusa tangu Julai. Nikamwambia hakuna anayemlaumu tena. Akasema haendi kwa ajili yao. Amenitaka niende naye, nimbebee sanduku, na zile saba nilizozitengeneza mimi tuzianzie.

Jumapili, 8 Desemba
Tumekagua tano. Mbili zina kasoro yangu. Nimezirekebisha mwenyewe, yeye amekaa pembeni akitazama. Wenye baiskeli nao walitazama.

Jumanne, 17 Desemba
Mvua tangu alfajiri. Kliniki ya watoto, nilitegemea wachache. Saa tatu Adija aliingia, kanga imelowa, Nurdin kavu kabisa. Akakaa mwisho wa benchi. Wanawake wawili wakasogea kumpa nafasi, kisha wakanitazama mimi.

Zamu yake ilipofika alimvua Nurdin, akamwingiza mwenyewe kwenye kikoba cha mizani. Nikasogea kusoma. Akaweka mkono mbele yangu.

"Ngoja. Nisome mimi."

Nikarudi nyuma. Alisubiri mtoto aache kubembea, akainama hadi uso wake ukawa sawa na mshale.

"Nane na nusu," akasema.

Nikachukua kalamu, nikaandika alichosoma.